Santuri ya Kinyozi

Kinyozi alikuwa mtu wa maneno. Wateja wake walisema kichwa kilitoka dukani kwake kikiwa chepesi mara mbili: nywele zimepungua, na mashaka yamepungua, kwa sababu kila shaka uliloingia nalo alikuwa amelijibu, uwe umemwuliza au hukumwuliza. Kwa hiyo asubuhi ile alipoanguka karibu na beseni la kunawia, akaamkia hospitalini mdomo umekwenda upande na ulimi umefungwa, watu wa mtaa hawakuulizana kama atatembea tena. Waliulizana kama atasema.

Kutembea, alitembea. Mguu wa kulia ulikokota kidogo, na mkono wa kulia ukawa mzito kama mzigo wa mtu mwingine aliopewa amshikie, lakini kwa fimbo alifika mlangoni na kurudi. Neno ndilo halikuja. Kuelewa, alielewa yote. Ukimwambia inua mguu, aliinua. Ukimtania, jicho lilicheka. Ila akifungua mdomo ajibu, ilitoka pumzi tu, na baada ya pumzi aliugusa mdomo wake kwa mkono wa kushoto, taratibu, kama mtu anayekagua kufuli.

Mkewe, ambaye mtaa ulimwita Mama Mwalimu kwa ajili ya binti yao anayefundisha hesabu, alikuwa ameishi maisha yake yote ya ndoa akilalamika kwa nusu mzaha kwamba ameolewa na redio isiyo na kitufe cha kuzima. Sasa redio ilikuwa imezimika, na kimya chenyewe kikawa kazi. Alimwamsha, alimwogesha, alimvalisha shati kwa kuanza na mkono mgonjwa kama alivyofundishwa, na muda wote huo alisema maneno ya watu wawili.

"Utakunywa chai? Haya, nitakunywa. Sukari? Kidogo, mke wangu, usinibanie."

Kinyozi alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Mama Mwalimu naye alitabasamu, kisha akaenda jikoni akasimama kidogo mbele ya sinki bila kuosha kitu.

Hospitali ilikuwa inamtuma dada mmoja, mtaalamu wa kuwarudishia watu usemi. Mama Mwalimu alimpenda tangu siku ya kwanza, kwa jambo dogo. Wageni wengine walipoingia walimwuliza yeye, "Anaendeleaje?" huku mgonjwa mwenyewe amekaa hapo anawatazama. Dada huyu alivua viatu mlangoni, akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha Kinyozi, akainama na kusema, "Shikamoo, baba." Halafu akangoja. Alingoja muda mrefu, bila kutazama saa, kama mtu aliyeahidiwa kwamba jibu linakuja njiani. Jibu halikuja, na yeye akasema kwa sauti ileile, "Nimeipokea, baba. Tuanze."

Siku hiyo, walipokuwa wanaagana barazani, alimwuliza Mama Mwalimu, "Baba alikuwa anaimba?"

"Kuimba? Mwanangu, aliimba mpaka wateja wakawa wanamwomba anyoe tu."

Dada akacheka, kisha akaeleza. Kiharusi kimefunga mlango ambao maneno hupitia. Lakini nyimbo, alisema, mara nyingi zinakaa chumba kingine kichwani. Wapo watu wasioweza kusema "maji", lakini ukiwaanzishia wimbo wanaoujua wanaumaliza na maneno yake yote, na kutoka hapo unaweza kuwavuta, neno baada ya neno, mpaka kwenye kusema.

"Nitafutie wimbo, mama. Usinitafutie wimbo mzuri. Nitafutie wa kwake."

"Na usipopatikana?"

Dada alifunga viatu vyake kwanza. "Nikija tena, kama bado, tutaanza ubao wa picha. Atakuwa anaonyesha kwa kidole: kikombe, kitanda, choo. Watu wanaishi nao vizuri tu. Ila ningependa tuujaribu mlango huu kabla hatujazunguka nyuma ya nyumba."

Mama Mwalimu alirudi ndani akamtazama mumewe. Kikombe, kitanda, choo. Hayo hata yeye angeyajua bila kuonyeshwa. Kilichomsumbua ni kingine. Picha ya utani inachorwaje? Mtu ataonyesha picha gani akitaka kukwambia kitambaa hicho kichwani kinakufanya ufanane na shangazi yako?

Alikaa na nguo za kukunja mapajani, akaanza kuzikumbuka nyimbo zao.

Wa kwanza kumjia ulikuwa wimbo ambao hawakuusikia. Walikuwa hawajaoana. Bendi moja iliyokuwa inapita mji hadi mji ilifika kwenye ukumbi wa jamii kupiga dansi la mchana, na ilipoanza tu mvua ikashuka juu ya mabati, mvua ya kumwagwa kwa ndoo. Hakuna aliyesikia gitaa, hakuna aliyesikia sauti. Mwimbaji alionekana anafumba na kufumbua mdomo kama samaki. Watu wangeondoka, lakini waende wapi na mvua ile? Basi wakacheza kwa kumtazama mpiga ngoma. Mikono yake ikipanda wanapanda, ikishuka wanashuka. Kijana mmoja mwembamba, aliyekuwa bado anajifunza kunyoa, alicheza vibaya kuliko wote na kwa furaha kuliko wote. Paa lilipoanza kuvuja juu ya kiti cha Mama Mwalimu, kijana yule akaja, akamwonyesha kwa mikono wabadilishane viti, akakaa pale chini ya tone akiendelea kutikisa kichwa kwa muziki asiousikia, na maji yakimdondokea utosini. Mama Mwalimu hakuuliza tena jina la bendi. Aliuliza jina la kijana.

Iliyofuata ilikuwa santuri ya kuazima. Binti yao alipozaliwa alikuwa mtoto wa kulia, analia kama anayelipwa, na jirani mshonaji akawaletea santuri yake ya kwaya ya akina mama, wajaribu. Upande wa kwanza mtoto alilia. Upande wa pili, wimbo wa pili, akalala. Santuri ilikuwa ya kuazima kwa siku moja, lakini mshonaji hakuja kuidai kamwe. Badala yake, kila alipomsikia mtoto anaanza kulia, aligonga ukuta kutoka kwake na kupaza sauti, "Geuza upande." Alihama baadaye, na santuri ikabaki. Mama Mwalimu alipoikumbuka kwaya ile, hakusikia sauti za waimbaji kwanza. Alisikia kile kidole kikigonga ukutani.

Na ya mwisho ilikuwa ya dukani. Kinyozi alikuwa na gramafoni kwenye rafu pembeni ya kioo, na juu yake, mwaka baada ya mwaka, ilizunguka santuri moja iliyowashinda zote: mwanamume anarudi safari, anasimama mlangoni kwake, hana ufunguo, anabembeleza afunguliwe. Wimbo wa polepole, wenye gitaa linalotembea kama mtu asiye na haraka. Mama Mwalimu aliusikia kila mchana alipopeleka chakula. Binti yao hakuujua sana, kwa sababu baba yake alishikilia kwamba duka la wanaume wazima halina masomo ya kumfaa msichana wa shule. Gramafoni ile ilikufa zamani, na santuri zilitawanyika Kinyozi alipostaafu na duka kupata mwenyewe mpya.

Jumamosi binti alikuja na simu yake. Mwalimu alikuwa mwepesi wa mambo hayo. Mama alitaja, yeye akatafuta, na nyimbo zilizokuwa zimekaa miaka kwenye makaratasi na vumbi zikatoka kwenye kitu kisichozidi kipande cha sabuni.

Walianza na bendi ya ukumbini, ambayo jina lake Mama Mwalimu alikuja kulijua baadaye, bendi ilipotoa santuri. Kinyozi alisikiliza, machozi yakamlengalenga, lakini mdomo haukufunguka. Kwaya ya akina mama ikafuata. Hiyo ilimlaza usingizi palepale kitini, na Mwalimu mwenyewe, aliyekuwa ameamka alfajiri kusahihisha madaftari, akapiga miayo kwa mfululizo.

"Naona bado inafanya kazi," mama yake alisema.

Kinyozi alipoamka wakaweka ule wa dukani. Gitaa lilipoanza, mgongo wake ulinyooka. Kidole cha kushoto kikaanza kugonga mkono wa kiti. Mwimbaji akaingia, "Nimesimama mlangoni," na midomo ya Kinyozi ikasogea. Mama Mwalimu alimshika binti yake mkono bila kujua kama amemshika. Ubeti wa kwanza ukapita hivyo, midomo inasogea, sauti inakaribia, kama maji yanayosikika ndani ya bomba kabla hayajatoka. Ukaja ubeti wa pili. Ghafla Kinyozi akainua mkono wa kushoto juu, vidole viwili mbele, mdomo wazi, macho yamewaka.

Wimbo ukaendelea.

Kinyozi akashusha mkono. Akatazama simu kama mtu aliyekanyagwa mguu na rafiki. Akafumba mdomo, akapiga mkono wa kiti mara moja kwa ngumi, kisha akageuza uso ukutani na hakuugeuza tena mpaka muziki ulipozimwa.

"Anaumia," Mwalimu alisema kwa sauti ya chini walipokuwa jikoni. "Uliona mkono? Alikuwa anatuomba tuache."

"Sidhani alikuwa anaomba tuache."

"Mama, tusimtese. Mtu ukimkumbusha alichopoteza, unamwumiza mara mbili. Mimi naona tungoje ubao." Aliona uso wa mama yake, akaongeza taratibu, "Nitamchorea mwenyewe. Nitachora vizuri, siyo vile vikombe vya hospitali." Kisha akachukua sufuria zote chafu akaziosha, na ndoo zote akazijaza, na kabla hajaondoka alimpaka baba yake mafuta mikononi, kidole kimoja kimoja. Mama Mwalimu aliona, akamshukuru Mungu kwa mtoto, lakini moyo ulikuwa umemshuka.

Jumatatu mchana alikuwa anapiga pasi. Kinyozi alikuwa chumba cha mbele, karibu na dirisha. Pasi ilikuwa inakwenda kwenye kola ya shati, na Mama Mwalimu alikuwa anaimba chini chini, kama watu wanavyoimba wakiwa hawajisikilizi:

*Nimesimama mlangoni, nakuita kwa chai imepoa…*

Pasi ikasimama. Aliinyanyua haraka kabla haijaunguza, akaisimamisha wima, akabaki anatazama shati.

Mtu gani anaitwa kwa chai imepoa?

Hapo ndipo yote yalipomrudia, akashangaa iliwezekanaje asiyakumbuke. Zamani, santuri ile ilipokuwa bado ngeni dukani, mteja mmoja aliitwa na mtu nje akainuka kwa pupa bila kufunguliwa kitambaa shingoni. Pembe ya kitambaa ikanasa mkono wa sindano ikauburuta juu ya santuri. Santuri ikatoka na mkwaruzo kama kovu. Tangu siku hiyo, sindano ilipofika katikati ya ubeti wa pili ilikuwa inaruka. "Nakuita kwa," anasema mwimbaji, kisha *tk*, na hapohapo, "chai imepoa, nani atanywa na mimi." Mistari ya katikati ilipotea. Wengine walimshauri Kinyozi atafute santuri nyingine. Yeye alisema wimbo una kovu kama mtu mwingine yeyote, na kwamba hajapata kumtupa mtu kwa sababu ya kovu. Ikawa ndiyo starehe ya duka. Wateja waliokuwa kwenye benchi walingoja pale paruke, na paliporuka wote waliitikia kwa pamoja, "Chai imepoa," na kucheka. Na kwa kuwa mtu akicheka kichwa kinatikisika, na siku moja sikio la mteja lilipata mkato kwa ajili hiyo, Kinyozi alijizoesha. Kila sindano ilipokaribia mahali pale, alinyanyua mkasi juu, vidole viwili mbele, mpaka kicheko kipite.

Hakuwa anaomba waache. Alikuwa amenyanyua mkasi. Alifika mahali pa kuitikia, mdomo wazi, na yule mtu wa kwenye simu akapita na maneno mengine yaliyonyooka, safi, ambayo Kinyozi hakuwa ameyasikia tangu ujana wake.

Mama Mwalimu alichomoa pasi. Akaenda mpaka mlango wa chumba cha mbele, akasimama. Ujasiri ulimpungua kidogo hapo. Mumewe alikuwa akimwambia tangu zamani kwamba sauti yake inafaa kuita kuku, tena kuku wasio na haraka ya kuja. Na alimwogopa yule aliyegeuza uso ukutani. Akimwumiza tena, je?

Alikuwa bado amesimama hivyo Kipara alipobisha hodi.

Kipara, kama jina lenyewe, hakuwa na unywele hata wa dawa. Alikuwa dereva wa lori aliyestaafu, na kwa miaka mingi alikwenda duka la Kinyozi kila wiki, akakaa kwenye kile kiti cha kuzunguka, akavishwa kitambaa, akapakwa kichwa mafuta, akasikiliza muziki na kuondoka. Alipoulizwa anafuata nini kwa kinyozi, alisema anakagua kama wengine wananyolewa vizuri. Tangu rafiki yake augue alikuja kila siku baada ya chakula. Hakuleta maneno ya pole. Alileta habari za mtaa, akazisema zote, za kweli na za kutunga, huku akimwachia Kinyozi nafasi ya kukunja uso kwenye zile za kutunga.

"Shemeji, mbona umesimama mlangoni kwako kama mgeni?"

"Shemeji, njoo hapa. Unaukumbuka ule wimbo wa dukani?"

"Nitausahau vipi, na sikio langu lina alama yake tangu nilipokuwa na nywele?"

"Uimbe."

"Hapa?"

"Hapa. Uimbe kama dukani. Usiuimbe kama kwenye simu." Akamweleza kwa maneno machache, kwa sauti ya chini. Kipara alivua kofia yake, akaikunja, akaitia mfukoni. Hakutania. Waliingia pamoja wakavuta viti, mmoja huku na mmoja huku, na Kinyozi katikati akiwatazama kwa zamu kama mtu anayehisi kuna njama.

Kipara alianza. Alikuwa na sauti nzito ya mtu aliyezoea kuimba peke yake barabarani. Mama Mwalimu alimfuata kwa nyuma, na sauti yake ya kuita kuku. Ubeti wa kwanza midomo ya Kinyozi ilisogea, kama siku ile. Wakaingia wa pili.

*Nimesimama mlangoni, nakuita kwa*

Wakanyamaza wote wawili. Mkono wa kushoto ulikuwa umepanda, vidole viwili mbele.

"Chai imepoa," akasema Kinyozi.

Ilitoka nzito, kama mdomo umejaa pamba, na ile "p" haikupasuka sawasawa. Lakini ilitoka kwa sauti yake. Ile ile. Mama Mwalimu alikuwa amesahau kwamba mumewe ana sauti yenye mikwaruzo kidogo mwishoni, akaikumbuka alipoisikia.

 Kipara aligeukia dirishani akakaa anaangalia nje kwa makini, na nje palikuwa na kamba ya nguo tu.

Mama Mwalimu hakupiga kelele. Alikuwa amelea mtoto, alijua kwamba mtoto akipiga hatua ya kwanza hushangilii mpaka umwangushe. Alisema tu, "Tena."

Wakaimba tena. "Chai imepoa." Wakaimba tena. "Chai imepoa, nani." Na tena, na safari hii Kinyozi hakungoja aachiwe nafasi. Aliingia nao tangu neno "mlangoni", akapoteza maneno mawili, akayaokota mbele: "Chai imepoa, nani atanywa na mimi."

"Mtu anaugua hivi, tunamlilia," Kipara akasema akiwa bado amewapa kisogo, "halafu neno lake la kwanza ni kumsema mkewe kwa chai."

Kinyozi akacheka. Na kicheko nacho kilikuwa na sauti.

Mama Mwalimu alimpigia binti simu. Mwalimu alikuwa chumba cha walimu, alijibu kwa kunong'ona, akidhani ni habari mbaya. Mama yake hakueleza kitu. Aliiweka simu karibu na kiti, wakaanza ubeti. Upande wa pili wa simu kikasikika kiti kinasukumwa nyuma.

"Mama, huyo ni nani?"

"Unadhani ni nani?"

"Mrudishie simu. Mrudishie tena." Akasikiliza mara nyingine. Kisha akasema, na sauti yake haikuwa ya mwalimu tena, "Kumbe alikuwa hatuombi tuache."

"Hukujua, mwanangu. Wewe ulinyimwa duka."

Dada wa hospitali alipokuja alikuwa na ubao wa picha kwapani. Alivua viatu, akainama, akasema, "Shikamoo, baba," akangoja. Kinyozi alimtazama, akaugusa mdomo wake, hakuna kilichotoka. Mama Mwalimu aliuma midomo. Halafu akaanza kuimba, na Kinyozi akaitikia pale pa kuitikia, na dada yule akauweka ubao chini taratibu, ukutani, picha zikiwa zimeelekea ukuta.

Alifanya kazi siku ile kuliko siku zote. Alimwimbisha ubeti, kisha akamwachia nusu amalizie. Akaimba polepole zaidi, mpaka wimbo ukawa karibu na kusema. Akagonga mdundo kwenye mkono wa Kinyozi, "chai," akangoja, na Kinyozi akasema, "chai." "Mlango." Hilo lilichukua muda, akalipata. "Imepoa." Jasho lilimtoka kama mtu aliyekuwa anapasua kuni. Mwisho dada akafuta paji lake mwenyewe na kusema kwamba itakuwa safari ndefu, na kuna siku maneno yatagoma, wasishtuke, lakini kufuli limezunguka.

"Mlijuaje kuhusu mruko?" aliuliza alipokwisha kusimuliwa habari ya santuri ya dukani. "Mimi ningemwekea ule wa simu mpaka mwaka uishe."

"Hatukujua," Mama Mwalimu alisema. "Alituonyesha mwenyewe kwa mkono. Sisi ndio tulichelewa kusikia."

Dada akaomba ausikie wimbo mzima, ule usio na kovu, apate kuujua. Kinyozi akaruhusu kwa kichwa. Wakaisikiliza wote wanne, Kipara naye akiwa kwenye kona yake, ile mistari iliyopotea dukani:

*Nakuita kwa upole, mpenzi nifungulie,*
*safari ilikuwa ndefu, njiani nimekuwaza,*
*dirishani naona taa, naona mezani*
*chai imepoa, nani atanywa na mimi?*

"Kumbe mwenyewe yuko nje anachungulia," Kipara alisema. "Miaka yote nilidhani kaingia."

Mama Mwalimu alisema ni maneno mazuri sana. Dada alisema ni mazuri. Wote wakamgeukia Kinyozi. Yeye alifikiri, akatikisa kichwa kukataa, kwa uzito wote wa mtu anayejua mambo ya muziki, na hakuna aliyethubutu kubishana naye.

Siku zilizofuata zilikuwa kama dada alivyosema. Kuna asubuhi maneno yaligoma, na wimbo wenyewe ukagoma. Kuna mchana yalikuja mawili kwa mpigo. Mengine yalikuja yasipotakiwa: alitaka kusema "shati" akasema "taa", akajishangaa, akacheka. Mwalimu alikuja Jumamosi na kumfundisha kuhesabu kwa kuimba, na alimsifu kama anavyowasifu watoto wa darasa la kwanza, na baba yake akakubali kusifiwa.

Jumapili moja baada ya chakula, Kipara alikuja kama kawaida. Mama Mwalimu alimkaribisha, akakaa kwenye kochi la pembeni na kikapu cha nguo za kushonea vifungo. Chumba kilikuwa na joto la mchana. Kipara alikuwa anasimulia habari ndefu ya mtu aliyenunua pikipiki kabla hajajua kuiendesha, na Kinyozi alikuwa anaitikia kwa "ee" na "wapi", maneno mapya ya wiki ile. Mama Mwalimu alishona kifungo kimoja. Alianza cha pili. Hakuwa amelala mchana tangu ile asubuhi ya beseni, wala usiku hakulala sawasawa, alilala jicho moja wazi akisikiliza pumzi ya mumewe. Sindano ilimteleza, kichwa kikaegama kwenye kochi, na sauti za wale wawili zikawa mbali, kama za watu walio ng'ambo ya ukuta.

"Basi jamaa akawasha," Kipara alikuwa anasema kwa sauti kubwa, "akaachia klachi, pikipiki ikaondoka, yeye akabaki…"

"Taratibu," Kinyozi akamkatiza.

Kipara akanyamaza katikati ya habari.

Kulikuwa na kimya cha mtu anayetafuta. Mama Mwalimu alikisikia kimya kile kutoka ndani ya usingizi, alikuwa amekijua sasa, na hakukisaidia.

"Amelala," Kinyozi akasema. Halikuwamo kwenye wimbo wowote. Kisha akatafuta tena, akapata. "Amechoka. Mwache."

Kiti cha Kipara kilisogezwa taratibu. Fimbo ya Kinyozi iligusa sakafu, mguu ukakokota, na kitu chepesi, shuka au shati kutoka kikapuni, kikawekwa juu ya miguu yake kwa mkono mmoja, kikateleza, kikawekwa tena. Mama Mwalimu alisikia yote. Hakufungua macho. Aliacha usingizi umchukue, na huko mbele yake Kipara alikuwa ameanza upya habari ya pikipiki, kwa kunong'ona.